Jinsi ya Kuhesabu Maegesho ya Mji wa Malindi na Kuandika Maoni Yatakayosomwa: Mwongozo Kamili

Nimekaa kwenye mikutano mingi ya kutoa maoni kuhusu maegesho ya katikati ya Malindi, Kaunti ya Kilifi, Kenya, na karibu kila mara tumeshindwa kwa namna ile ile. Mwenye duka anasimama na kusema wateja wake hawana pa kuegesha. Dereva wa tuktuk anasema anafukuzwa kila anaposimama. Mama wa mboga anauliza, uwanja ukijengwa ghorofa yeye ataenda wapi. Wote wanasema kweli. Kisha afisa anauliza: magari mangapi, saa ngapi, kwa siku ngapi? Ukumbi mzima unanyamaza, na uamuzi unafanywa na yule aliyekuja na makaratasi.

Mwongozo huu ni wa kumfanya mkazi wa kawaida aje na makaratasi yake mwenyewe. Iwe ni uwanja wa kuegesha unaotaka kugeuzwa jengo, au ada ya maegesho inayotaka kupandishwa, au barabara inayotaka kupigwa mistari upya, kazi ni ile ile. Watu watatu wakijipanga wataimaliza ndani ya wiki mbili.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

Usianze kabla havijatimia. Wengi hukwama siku ya pili kwa kukosa kitu cha shilingi hamsini.

- Nakala kamili ya tangazo au mswada unaohusika, si picha ya ukurasa mmoja iliyozunguka kwenye simu.
- Daftari la mistari au fomu mlizochora wenyewe, na ubao wa kushikia karatasi.
- Kalamu za risasi. Wino unachujuka kwa jasho, na mvua ya masika haibishi hodi.
- Tepu ya kupimia ya mita 30. Ukiikosa, chukua kamba ngumu uifunge fundo kila baada ya mita moja.
- Chaki ya kuweka alama ukutani au kwenye ukingo wa barabara.
- Watu wasiopungua wawili kwa kila eneo, na mmoja wao awe anajulikana na wenye maduka wa hapo.
- Barua fupi ya utambulisho kutoka kwa kikundi chenu, chama cha wafanyabiashara au mzee wa mtaa.
- Kofia, maji, na pesa kidogo za fotokopi.

## Hatua ya 1: Lisome tangazo mpaka mwisho, ujue ni mlango upi

Hapa ndipo wengi hupotea mapema. Maegesho na usafiri wa umma wa barabarani ni kazi ya kaunti. Hilo limeandikwa wazi kwenye Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Lakini ndani ya kaunti kuna milango mitatu tofauti, na maoni yaliyopelekwa mlango usiofaa hayahesabiki hata yakiwa mazuri.

Ikiwa jambo ni ada, yaani shilingi ngapi kwa siku au kwa mwezi, mlango ni Mswada wa Fedha wa kaunti, ambao huletwa kila mwaka mbele ya Bunge la Kaunti. Maoni yanaenda kwa karani wa bunge. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalilazimu bunge hilo kuwashirikisha wananchi.

Ikiwa jambo ni kujenga juu ya uwanja wa kuegesha, au kubadilisha matumizi ya kiwanja, mlango ni maombi ya kibali cha ujenzi chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Maoni yanaenda idara ya mipango ya kaunti. Mradi ukiwa mkubwa, kuna pia tathmini ya athari kwa mazingira inayosimamiwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, nayo ina nafasi yake ya maoni.

Ikiwa jambo ni mpango wa mji mzima, au mpangilio wa barabara na steji, anzia kwa bodi ya manispaa, kisha idara ile ile ya mipango.

Tahadhari. Andika tarehe ya mwisho ya kupokea maoni kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa herufi kubwa. Kwa maombi ya kujenga kuna jambo moja zaidi la kujua: mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, sheria inachukulia kwamba amekubaliwa. Kwa hiyo kimya cha ofisi kisikutulize.

Umefaulu ukiwa unaweza kumwambia jirani yako kwa sentensi moja: nani anaomba nini, kwenye kiwanja kipi, na maoni yanafungwa tarehe ngapi.

## Hatua ya 2: Jua ardhi ni ya nani

Uwanja ambao watu wameegesha kwa miaka thelathini si lazima uwe wa umma. Na ukuta uliojengwa kuzunguka kiwanja haukifanyi kuwa cha mtu binafsi. Tafuta nambari ya kiwanja, kisha ufanye upekuzi rasmi kwenye sajili ya ardhi.

Kama ni ardhi ya umma, Kifungu cha 62 cha Katiba kinakuhusu, na una haki ya kuuliza imepangiwa nini. Omba kwa maandishi ramani ya eneo, mkataba kama upo, na mapato ya maegesho ya hapo kwa mwaka uliopita. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaruhusu uandike kwa Kiswahili, na inaipa ofisi siku 21 kujibu. Usilipe chochote zaidi ya gharama ya kunakili.

Tahadhari. Siku 21 zinaweza kuwa nyingi kuliko muda uliopewa wa kutoa maoni. Barua hii iende siku ile ile uliyoliona tangazo, kabla hata hujanunua chaki. Hakikisha nakala yako imepigwa muhuri wa kupokelewa.

Umefaulu ukiwa na nakala hiyo yenye muhuri mkononi. Jibu likija, ni faida. Lisipokuja, muhuri wenyewe ni ushahidi utakaoambatisha.

## Hatua ya 3: Chora eneo na uhesabu nafasi

Nafasi nyingi katikati ya Malindi hazina mistari, kwa hiyo ni lazima mzipime wenyewe. Tumia vipimo hivi:

- Gari dogo likiingia kwa kichwa: upana mita 2.5, urefu mita 5.
- Gari likilala sambamba na barabara: urefu mita 6.
- Tuktuk: upana mita 1.3 na urefu zaidi kidogo ya mita 2.6. Nafasi moja ya gari huchukua tatu zikipangwa ubavu kwa ubavu kufuata urefu wake, ingawa zitatokeza kidogo.
- Gari la mtu mwenye ulemavu: upana usipungue mita 3.6, ili kiti cha magurudumu kiweze kushuka.

Chora ramani ya mkono. Weka alama ya kila mlango, kila mti, kila mfereji, kila kibanda. Kisha upe kila nafasi nambari: 1, 2, 3, mpaka mwisho. Chaki itumike hapa, ili yule atakayehesabu Jumamosi aanzie pale pale ulipoanzia wewe Jumanne.

Usihesabu nafasi iliyo mbele ya lango, kwenye kona, juu ya njia ya waenda kwa miguu, au mahali malori hushushia mizigo. Magari huegeshwa hapo, ndiyo, lakini hizo si nafasi. Ziandike kando, kwenye orodha ya pili.

Kitu kingine cha kupima hapa ni ukubwa wa uwanja wote. Ukijumlisha njia za kuingilia na kugeuzia, gari moja linakula mita za mraba 25 hadi 30. Uwanja wa magari 40 ni robo eka na ziada. Watu huwa hawaamini mpaka waipime kwa miguu, na nimeona wenye maduka wakibadilisha msimamo papo hapo walipotembea ule upana na kuufananisha na maduka yao.

Umefaulu ikiwa watu wawili, kila mmoja peke yake, wamehesabu na tofauti yao haizidi nafasi mbili.

## Hatua ya 4: Hesabu magari

Hii ndiyo kazi yenyewe. Mengine yote yanasimama juu yake, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

### Chagua siku

Siku moja haitoshi, kwa sababu Malindi ya Jumanne si Malindi ya Ijumaa. Hesabu siku nne:

- Siku ya kawaida ya katikati ya wiki.
- Ijumaa. Kuanzia saa sita mchana mpaka watu watoke msikitini, mitaa yenye misikiti hujaa na mitaa mingine huwa mitupu.
- Jumamosi, siku ya sokoni na ya harusi.
- Siku moja ya mwisho wa mwezi, mishahara ikiwa imeingia na foleni za benki zimeanza.

Epuka Ramadhani isipokuwa unataka kuonyesha hali ya Ramadhani, kwa maana saa moja kabla ya magharibi mji wote huwa barabarani ukitafuta futari. Epuka siku ya mvua kubwa. Na kumbuka majira: mwezi wa Desemba na Januari, wakati wa kaskazi, wageni wanakuwa wengi kuliko Mei. Andika kwenye fomu ni majira gani. Afisa mwerevu atauliza, na jibu liwe tayari.

### Zunguka kila nusu saa

Anza saa mbili asubuhi, maliza saa kumi na mbili jioni. Kila nusu saa, mtu mmoja anatembea njia ile ile, kuanzia nafasi ya kwanza mpaka ya mwisho, na anaandika kwenye kila nafasi kilichopo: gari, pikapu, matatu, lori, tuktuk, mkokoteni, au tupu. Mtu mmoja anaweza kuzungukia nafasi 60 hivi na bado akapata dakika za kunywa maji kivulini.

Kwa magari, andika pia tarakimu tatu na herufi ya mwisho ya nambari yake, basi. Gari lenye KDA 123A liandike 123A. Hiyo inatosha kujua kama ni lile lile lililokuwapo nusu saa iliyopita. Usiandike nambari nzima, usipige picha za watu, usiandike majina. Taarifa za watu zina sheria yake, na wewe huzihitaji.

Tuktuk na bodaboda hawashikiki kwa mzunguko wa nusu saa, maana anashusha na kuondoka ndani ya dakika mbili. Kwao fanya hesabu ya pili: simama mahali pamoja kwa dakika 15 mfululizo, mara tatu kwa siku, ukihesabu wangapi wamesimama kushusha au kupakia. Wanaoruka hesabu hii huishia kuandika maoni ya wenye magari peke yao, wakati watu wengi wanaofika sokoni Malindi hawakuja na gari.

### Pikapu ya chini ya mwarobaini

Siku ya kwanza niliyohesabu, nafasi nzuri kuliko zote kwenye mtaa ule ilikuwa chini ya mwarobaini, hatua sita kutoka mlango wa duka la vitambaa. Saa mbili palikuwa na pikapu nyeupe. Saa mbili u nusu, pikapu. Saa nne, pikapu, na majani madogo ya njano yameshaanza kujilaza kwenye kioo chake. Saa nane kioo kilikuwa kimefunikwa nusu, paka amelala kwenye kivuli cha gurudumu la nyuma, na fomu yangu ina mstari mrefu wa alama moja ileile.

Niliingia dukani. Mwenyewe ni mzee wa makamo, na ndiye aliyelalamika kwa sauti kubwa kwenye mkutano uliotangulia.

"Shikamoo mzee. Ile pikapu ya pale mtini unamjua mwenyewe?"

"Marahaba mwanangu. Gari ile yangu mie. Iko pale tangu nimetoka sala ya alfajiri."

Nikamwonyesha fomu. Aliishika muda mrefu, akahesabu zile alama kwa kidole, moja moja.

"Kwa hivyo mteja wangu nimemzuia mimi," akasema.

Kesho yake pikapu ilikuwa mtaa wa nyuma. Mzee yule ndiye aliyetuandikia barua ya utambulisho kwa siku zilizobaki.

Jambo hili utalikuta kila mahali: magari yanayokaa kutwa ni ya wenye maduka, wafanyakazi wa ofisi na wapangaji wa juu. Ndiyo maana tunaandika tarakimu. Ukihesabu idadi tu bila kujua ni gari lile lile au jingine, utaona uwanja umejaa na utaomba uwanja mwingine.

### Tahadhari za kazi hii

Usisimame mbele ya benki na daftari ukiandika nambari za magari kabla hujamwona mlinzi na kumwonyesha barua yako. Pitia pia kituo cha polisi kilicho karibu asubuhi ya siku ya kwanza. Dakika kumi za salamu zitakuokoa na saa tatu za maelezo.

Usijaze mzunguko ulioukosa kwa kukisia. Uache wazi, andika "haukuhesabiwa". Fomu yenye pengo la kweli inaaminika kuliko fomu isiyo na doa.

Umefaulu ukiwa na fomu za siku nne, kila moja na jina la aliyehesabu, saa, na hali ya hewa, na mtu asiyekujua anaweza kuisoma bila kukuuliza.

## Hatua ya 5: Waulize watu, kwa ufupi

Maswali matatu tu: umekuja na nini, umekuja kufanya nini, utakaa muda gani? Uliza watu 50 au zaidi kwa nyakati tofauti, wanaoingia madukani, si wanaoshuka magarini peke yao. Wenye maduka nao waulize: unadhani wateja wako wangapi katika kumi huja na gari? Andika makisio yao kando ya hesabu yako. Mara nyingi havifanani, na tofauti hiyo ina nguvu kwenye mkutano.

## Hatua ya 6: Piga hesabu

Unahitaji nambari tatu. Nitatumia uwanja wa mfano, nambari zikiwa za kujifunzia tu: nafasi 40.

Kiasi kilichokaliwa. Gawanya nafasi zenye magari kwa nafasi zote, zidisha kwa 100. Saa tano asubuhi kuna magari 38: hiyo ni asilimia 95. Saa tisa alasiri kuna 26: asilimia 65.

Muda wa kukaa. Hesabu kila gari limeonekana mizunguko mingapi. Katika mfano wetu, magari 18 yalikaa zaidi ya saa sita.

Kupokezana nafasi. Magari tofauti yaliyoonekana siku nzima ni 110. Toa yale 18 ya kutwa, yanabaki 92, nayo yalipokezana nafasi 22 zilizobaki. Kila nafasi hiyo ilihudumia magari manne na ziada kidogo. Nafasi ya gari la kutwa ilihudumia moja.

Kipimo kinachotumika sana duniani ni asilimia 85. Kilipata umaarufu kupitia Donald Shoup, aliyekuwa profesa wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Maana yake ni nyepesi: katika kila nafasi saba, moja iwe wazi, ili anayefika aegeshe mara moja badala ya kuzunguka mtaa mara tatu. Zaidi ya hapo, mji unahisi umejaa. Chini sana ya hapo, ardhi imelala bure.

Sasa rudi kwenye mfano. Asilimia 85 ya nafasi 40 ni 34. Saa tano kulikuwa na 38. Ili uwanja huo upumue, hauhitaji kujenga ghorofa la magari. Unahitaji kuhamisha magari manne, na hapo ndani yamo 18 ya kutwa.

Tahadhari. Usichukue wastani wa siku nzima ukauita hali ya mji. Wastani huficha ile saa tano asubuhi. Na usichukue saa mbaya kuliko zote ukasema ndiyo kila siku. Onyesha zote mbili.

Umefaulu ukiwa na jedwali moja la ukurasa mmoja.

## Hatua ya 7: Amua unaomba nini

Malalamiko si ombi. Afisa akikuuliza "basi unataka tufanye nini", uwe na jibu lenye kipimo. Hesabu yako ndiyo itakayokuelekeza.

Kama uwanja umejaa kwa sababu ya magari ya kutwa, omba kikomo cha kukaa muda wa saa mbili tu kwa nafasi za mbele, na eneo la kutwa mitaa ya nyuma kwa ada ndogo. San Francisco walijaribu kuanzia 2011 kupanga bei kwa mtaa na kwa saa: palipojaa ilipanda, palipokuwa patupu ilishuka. Sisi hatuna mashine zao, lakini askari wa kaunti mwenye risiti za rangi mbili anaweza kufanya jambo lile lile.

Kama uwanja uko mtupu hata saa ya kujaa, sema hivyo, hata kama ulikuja kuutetea. Huko Portland, Marekani, jengo la maegesho la katikati ya mji liliondolewa, na mwaka 1984 pakafunguliwa uwanja wa watu kukaa ambao mpaka leo ndio baraza la mji ule. Buffalo walifuta mwaka 2017 sheria iliyomlazimisha kila anayejenga kutenga idadi fulani ya nafasi za magari. Ardhi ya katikati ya mji inaweza kuwa soko lenye paa, vyoo, miti, nyumba za kupanga. Najua mahali pa kuegesha katikati ya Malindi ambapo mchana kuna magari matano na akina mama thelathini wamebanana ukutani wakitafuta kivuli. Hilo linaniumiza kila nikipita.

Kama kaunti inataka kumkodisha mtu maegesho yote, angalia kwanza muda wa mkataba. Chicago walikodisha mashine zao za maegesho mwaka 2008 kwa miaka 75, wakapokea dola bilioni 1.15 na ushei. Tangu hapo, mji ukitaka kufunga nafasi kwa ajili ya kazi zake, unamlipa fidia mwenye mkataba. Omba muda mfupi, na kifungu kinachoiruhusu kaunti kuondoa nafasi bila fidia.

Tuktuk, bodaboda na mikokoteni wawe na mistari yao kwenye ombi lako. Nafasi mbili za gari kwenye kona ya soko zinapokea tuktuk sita. Malori yapewe saa zao za kushusha, tuseme kabla ya saa mbili asubuhi. Wapo wanaosema tuondoe magari yote kama Mji wa Kale wa Lamu. Napenda Lamu, lakini vichochoro vyake vilijengwa kwa upana wa punda na bidhaa zake zinashuka gatini. Bidhaa za Malindi zinakuja kwa lori kutoka Mombasa, kilomita 120 hivi, na lori lazima lisimame mahali.

Umefaulu ukiwa na maombi matatu, yasizidi, na kila moja limefungwa na nambari kutoka kwenye jedwali.

## Hatua ya 8: Andika waraka

Kurasa mbili na viambatisho. Hakuna anayesoma zaidi. Fuata mpangilio huu:

1. Anwani ya ofisi kama ilivyo kwenye tangazo, na tarehe.
2. Kichwa kinachotaja tangazo lenyewe: "Maoni kuhusu maombi ya kubadilisha matumizi ya kiwanja nambari fulani, kwa mujibu wa tangazo la tarehe fulani."
3. Ninyi ni nani: wakazi, wafanyabiashara, madereva, na idadi yenu.
4. Mlichokifanya: "Tulihesabu nafasi 40 kwa siku nne, kila nusu saa, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni."
5. Mlichokiona: jedwali.
6. Mnachoomba, kwa nambari. Kama ni mswada, taja kifungu na mwandike maneno mnayotaka yawekwe badala yake.
7. Majina na sahihi za waliokubali.
8. Viambatisho: ramani, fomu mbichi, barua yenye muhuri ya hatua ya 2.

Tahadhari. Usimtukane mwombaji wala kumtuhumu kwa rushwa bila hati. Sentensi moja ya aina hiyo itawapa sababu ya kuuweka kando waraka mzima. Na msitumie barua moja iliyonakiliwa mara mia kwa majina tofauti. Huhesabiwa kama barua moja.

## Hatua ya 9: Wasilisha na uzungumze

Peleka nakala mbili kwa mkono, moja irudi na muhuri, na utume nyingine kwa barua pepe kama tangazo limeitoa. Mpe nakala pia mwakilishi wa wadi. Usingoje siku ya mwisho: umeme hukatika, na karani naye huenda chakula cha mchana.

Mkutanoni utapewa dakika mbili au tatu. Anza na nambari, si salamu ndefu: "Tulihesabu siku nne. Saa tano asubuhi uwanja una magari 38 kati ya 40. Kumi na nane hukaa kutwa." Kisha maombi matatu. Kisha kaa. Hakikisha jina lako limeandikwa kwenye orodha ya waliohudhuria, na usiondoke kabla hujaliona kwa macho yako.

Umefaulu ikiwa afisa anakuuliza swali kuhusu jedwali lako. Ina maana amelisoma.

## Hatua ya 10: Fuatilia

Uamuzi ukitoka kuhusu kibali cha ujenzi na hukuridhika, una siku 14 tu za kukata rufaa kwa Kamati ya Uhusiano ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya kaunti, nayo ina siku 14 za kuisikiliza na kuamua. Hesabu kuanzia tarehe ya uamuzi, si tarehe uliyosikia habari. Ndiyo maana mtu mmoja katika kikundi chenu awe na zamu ya kupita ofisini kila wiki kuuliza.

Kama barua ya kuomba habari haikujibiwa ndani ya zile siku 21, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Ombudsman, yaani tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, ndani ya siku 30, pamoja na nakala yenye muhuri.

Fomu mbichi ziwekeni kwenye faili kwa mtu mwenye kabati lisiloingia maji. Baada ya miezi sita rudini mhesabu siku zile zile, kwa nambari zile zile za chaki. Chaki itakuwa imefutika, kwa hiyo pigeni picha ya kila alama siku ya kwanza, ukuta ukionekana, gari lolote lisiwepo.